Sura ya Tano: Mpaka wa Jimbo na Afya ya Mkazi Wake

Wasomaji wenye ndugu Marekani huuliza swali hili mara kwa mara: inawezekanaje watu wawili wenye kipato kilekile, ugonjwa uleule na hati zilezile za ukaazi, mmoja akiishi Louisville katika jimbo la Kentucky na mwingine Houston katika jimbo la Texas, watofautiane kiasi kwamba wa kwanza anatibiwa kisukari chake kwa bima ya serikali ilhali wa pili hungoja mpaka azidiwe ndipo akimbizwe chumba cha dharura? Nchi ni moja, sarafu ni moja na rais ni mmoja. Jibu limo katika sheria za majimbo, na sura hii inaeleza jinsi sheria hizo zinavyopunguza tofauti za afya baina ya makundi ya watu, jinsi zinavyozikuza, na kwa nini baadhi yake, ingawa ziliandikwa kwa nia njema, zilikaa miaka kadhaa bila kumfaa mgonjwa yeyote.

Maneno mawili yanahitaji kufafanuliwa kwanza. Tofauti za kiafya ni hali ya kundi moja la watu kuugua zaidi, kuzaa kwa hatari zaidi au kufa mapema kuliko kundi jingine. Si kila tofauti ya namna hiyo ni dhuluma, kwa kuwa wazee huumwa viungo kuliko vijana na hakuna bunge linaloweza kulaumiwa kwa hilo; zinazojadiliwa hapa ni zile zinazofuata rangi, kipato, lugha au mtaa, na ambazo zingeweza kuzuilika. Usawa wa kiafya ni hali ya kila mtu kupata nafasi ya haki ya kuwa mzima, jambo ambalo halimaanishi kumpa kila mtu kiasi kilekile, kwa sababu wilaya isiyo na daktari hata mmoja inahitaji fedha nyingi kuliko jiji lenye hospitali tatu za rufaa.

Kwa nini majimbo, na si Washington

Katiba ya Marekani haisemi kwamba serikali kuu, inayoitwa serikali ya shirikisho, ina wajibu wa kulinda afya ya raia. Marekebisho ya Kumi ya katiba hiyo yanayaachia majimbo mamlaka yote ambayo shirikisho halikupewa, na katika mamlaka hayo imo haki ya kale ya jimbo kutunga sheria za kulinda afya na usalama wa umma. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu iliithibitisha haki hiyo katika kesi ya mchungaji Henning Jacobson wa Cambridge, Massachusetts, aliyekataa chanjo ya ndui akatozwa faini ya dola 5. Mahakama iliamua kwamba jimbo linaweza kuubana uhuru wa mtu mmoja pale ambapo afya ya wengi imo hatarini.

Kutokana na hilo, mambo mengi yanayoamua afya ya Mmarekani hupita mikononi mwa jimbo lake. Jimbo ndilo linalotoa leseni ya daktari na muuguzi, ndilo linalokagua hospitali, ndilo linaloamua maskini gani wataingizwa katika bima ya umma, na ndilo linalopanga nini mji unaweza kufanya na nini hauwezi. Mamlaka hayo yalitumika vibaya kwa muda mrefu. Katika majimbo ya Kusini sheria na desturi ziliwatenga wagonjwa Weusi katika wodi zao, na hata sheria ya shirikisho ya mwaka 1946 iliyogharimia ujenzi wa hospitali nchi nzima, maarufu kwa jina la Hill-Burton, iliruhusu utengano huo mpaka mahakama ya rufaa ilipoukataa mwaka 1963 katika kesi iliyotoka Greensboro, North Carolina. Hospitali nyingi zilifungua milango yake kwa watu wa rangi zote baada tu ya mwaka 1966, pale malipo ya Medicare, yaani bima ya shirikisho ya wazee, yalipofungamanishwa na sharti la kutobagua. Funzo la mwaka ule litarudi mara nyingi katika sura hii: hospitali zilizopuuza hoja za haki kwa miaka mingi zilibadilika katika miezi michache malipo yalipokuwa hatarini.

Tofauti zenyewe zilipimwa rasmi mwaka 1985, wakati Waziri wa Afya Margaret Heckler alipotoa ripoti iliyokadiria kwamba watu wapatao 60,000 kutoka makundi ya wachache walikuwa wakifa kila mwaka vifo ambavyo visingetokea kama afya yao ingekuwa sawa na ya Wazungu. Miaka miwili baadaye Ohio ikawa jimbo la kwanza kuunda kwa sheria tume ya kushughulikia afya ya makundi hayo, na majimbo mengine yakafuata kwa kuanzisha ofisi za aina hiyo. Ofisi ni mwanzo tu, kwani nyingi kati yake zilipewa kazi ya kuandika ripoti bila kupewa uwezo wa kumwajibisha yeyote.

Bima ya maskini na shimo lililoachwa katikati

Hakuna sheria ya jimbo iliyo na uzito kwa afya ya maskini kuliko ile inayosema nani ataingia Medicaid. Medicaid ni bima ya umma ya watu wa kipato cha chini, iliyoanzishwa mwaka 1965 pamoja na Medicare, lakini ikiwa na muundo tofauti: Medicare ni ya shirikisho peke yake, ilhali Medicaid hugharimiwa kwa ubia kati ya shirikisho na jimbo, na jimbo ndilo linaloiendesha. Kwa miongo mingi sheria za majimbo ziliwapa bima hiyo watoto, wajawazito, walemavu na wazazi maskini sana, huku mtu mzima asiye na mtoto akiachwa nje hata kama hana senti.

Sheria kubwa ya bima iliyotiwa saini na Rais Barack Obama Machi 2010 ilikusudia kuliondoa tabaka hilo la walioachwa. Iliagiza kila jimbo liwaingize Medicaid watu wazima wote ambao kipato chao hakizidi asilimia 138 ya kiwango rasmi cha umaskini, ambacho kwa mtu mmoja mwaka 2025 kilikuwa dola 15,650 kwa mwaka. Waliozidi kiwango hicho cha umaskini wangepewa ruzuku ya kununua bima binafsi. Shirikisho lingelipa gharama yote ya walioongezwa kwa miaka ya mwanzo, kisha asilimia 90. Ndipo Juni 2012 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba shirikisho haliwezi kuyalazimisha majimbo kwa kutishia kuyanyang'anya fedha zote za Medicaid, na lililokuwa agizo likageuka kuwa hiari.

Matokeo yake ni ya ajabu na yanastahili kuelezwa polepole. Waliotunga sheria ya 2010 walichukulia kwamba kila aliye chini ya kiwango cha umaskini atakuwa ndani ya Medicaid, hivyo hawakumwandikia ruzuku. Katika mengi ya majimbo yaliyokataa kupanua bima, mtu mzima asiye na mtoto anayepata dola 16,000 kwa mwaka hupewa ruzuku ya bima, lakini jirani yake anayepata dola 12,000 hapati ruzuku wala Medicaid. Aliye maskini zaidi ndiye asiyepata kitu. Watu wapatao milioni 1.4 wamo katika shimo hilo, wengi wao Texas, Florida na Georgia, na Wamarekani Weusi na Walatino wamejaa humo kupita sehemu yao katika idadi ya watu, kwa sababu ya historia iliyowaweka kwa wingi katika majimbo hayo.

Kentucky ilipanua Medicaid Januari 2014. Texas haikupanua hadi leo. Hilo ndilo jibu la swali lililofungua sura hii, na linawahusu moja kwa moja wazungumzaji wa Kiswahili, kwa kuwa makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamepewa makazi Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakapangiwa miji ambayo mara nyingi hawakuichagua, na hivyo wakapangiwa pia sheria ya bima ambayo hawakuijua.

Palipokuwa na mabunge yaliyogoma, wananchi wenyewe wakati mwingine waliingilia kati. Maine ilikuwa ya kwanza kupanua Medicaid kwa kura ya wananchi mwaka 2017, zikafuata Idaho, Utah na Nebraska mwaka 2018, Oklahoma na Missouri mwaka 2020, na South Dakota mwaka 2022. Mengi kati ya haya ni majimbo yenye wapiga kura wa kihafidhina, ambao huwachagua wabunge wanaoipinga sheria ya Obama kisha wakaipigia kura sehemu yake yenye faida kubwa kwa maskini. North Carolina ilipanua kwa njia ya bunge lake Desemba 2023. Hata hivyo njia ya kura ya wananchi haipo kila mahali: katiba za Texas, Georgia, South Carolina, Alabama na Tennessee haziwapi wananchi nafasi ya kuanzisha sheria kwa kukusanya saini, na hivyo anayeumia hana mlango mwingine isipokuwa bunge lilelile lililokataa.

*Kwa ufupi:* shirikisho hutoa sehemu kubwa ya fedha, jimbo huamua nani azifikie. Pengo la bima kati ya majimbo halikuletwa na ukosefu wa fedha, bali limetokana na maamuzi yaliyopitishwa na mabunge yanayojulikana, tarehe zinazojulikana.

Mama anapojifungua

Vifo vya uzazi ndivyo kipimo kinachoiaibisha Marekani kuliko vyote. Mwaka 2021, wakati wa janga la korona, vilifikia 32.9 kwa kila vizazi hai 100,000, na kwa wanawake Weusi vilifikia 69.9. Mwaka 2023 wastani wa nchi ulishuka hadi 18.6, na kwa wanawake Wazungu hadi 14.5, lakini kwa wanawake Weusi bado ulikuwa 50.3. Umaskini peke yake hauelezi pengo hili, kwa kuwa mwanamke Mweusi mwenye shahada ya chuo kikuu yumo katika hatari kubwa kuliko mwanamke Mzungu ambaye hakumaliza sekondari. Mchezaji tenisi Serena Williams, aliyejifungua mwaka 2017, alieleza hadharani jinsi alivyolazimika kuwasisitizia wahudumu kwamba ana damu iliyoganda mapafuni kabla hawajamsikiliza. Kama mwanamke mwenye jina na mali kama zake ililazimu ashikilie hivyo, hali ya mama asiye na jina haihitaji kubuniwa.

Sheria za majimbo zimelishambulia tatizo hili kwa njia tatu, ambazo hazina nguvu sawa.

Njia ya kwanza ni kuongeza muda wa bima. Medicaid hulipia takriban vizazi 4 kati ya kila 10 nchini humo, lakini kwa miaka mingi bima ya mama aliyeingizwa kwa sababu ya ujauzito ilikoma siku ya 60 baada ya kujifungua. Uchunguzi wa vifo hivyo unaonyesha kwamba zaidi ya nusu hutokea kati ya siku ya 7 na mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa sababu ya moyo kushindwa, shinikizo la damu, sonona na matumizi ya dawa za kulevya, na kwamba zaidi ya asilimia 80 vingeweza kuzuilika. Bima ilikuwa ikimwacha mama katikati ya hatari. Mwaka 2021 shirikisho liliyaruhusu majimbo kuongeza muda huo hadi miezi 12, na hapa, tofauti na upanuzi wa Medicaid, karibu majimbo yote yalikubali, yakiwemo Texas na Mississippi mwaka 2023. Mabunge yaliyokuwa yakipinga bima kwa watu wazima yalikubali bima kwa mama mwenye kichanga, na ingawa sababu zao zilitofautiana, akina mama wamefaidika.

Njia ya pili ni kuhesabu. Sheria za majimbo huunda kamati za madaktari, wakunga na wawakilishi wa jamii ambazo hukichunguza kila kifo cha mama, na huzipa kamati hizo uwezo wa kupata mafaili ya hospitali huku zikizilinda siri za familia. Bila sheria, faili halifunguliwi. Idaho iliiacha sheria ya kamati yake ikaisha muda Julai 2023, ikabaki bila uchunguzi wowote mpaka bunge lilipoirejesha mwaka uliofuata. Ni vigumu kuona ni nani alifaidika na pengo hilo la taarifa, kwa kuwa vifo havikusimama kungoja kamati irudi.

Njia ya tatu ni kuwafundisha wahudumu. California ilipitisha mwaka 2019 sheria iliyoandikwa na seneta Holly Mitchell, inayozitaka hospitali na vituo vya uzazi viwafundishe watumishi wake kuhusu upendeleo usiotambulika, yaani dhana za haraka ambazo mtu huwa nazo kuhusu rangi au tabaka la mwingine bila kujijua, na zinazoweza kumfanya muuguzi ayaone maumivu ya mgonjwa mmoja kuwa halisi na ya mwingine kuwa kelele. Michigan ilikwenda mbali zaidi kwa upande wa idadi ya wanaohusika, ikayafanya mafunzo hayo kuwa sharti la leseni kwa wataalamu wa afya kuanzia Juni 2022. Sheria ya California ilikuwa nzuri kwa maneno, lakini haikuweka adhabu, wala haikumteua mtu wa kuisimamia. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo ilipofuatilia, iligundua kwamba hospitali nyingi zilianza mafunzo baada tu ya kupokea barua yake, na bunge likalazimika kurudi mwaka 2024 kuongeza faini.

Inafaa kulinganisha sheria hiyo na kazi nyingine iliyofanyika katika jimbo lilelile kwa ukimya. Tangu mwaka 2006 hospitali za California zilishirikiana na idara ya afya ya jimbo na Chuo Kikuu cha Stanford kuandaa utaratibu wa dharura za uzazi: toroli lenye dawa na vifaa vya kuzuia damu likae tayari karibu na chumba cha kujifungulia, damu inayomtoka mama ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, na shinikizo la damu likipita kiwango fulani dawa itolewe ndani ya muda uliowekwa. Hadi mwaka 2013 vifo vya uzazi katika jimbo hilo vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya nusu. Pengo la rangi halikwisha, lakini katika madhara ya kutokwa damu lilipungua, kwa kuwa kipimo kinachosomwa kwa mizani hakimuulizi mama rangi yake. Mafunzo ya upendeleo yana nafasi yake, ila ushahidi uliopo unaelekea kuonyesha kwamba utaratibu unaomfunga kila mhudumu huokoa wengi kuliko saa moja ya somo la kompyuta.

Sheria zisizoitwa za afya

Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na hakuna mahali ambapo hilo lilionekana kama Flint, Michigan. Mji huo, ambao zaidi ya nusu ya wakazi wake ni Weusi, ulikuwa umefilisika baada ya viwanda vya magari kuondoka. Sheria ya Michigan ilimruhusu gavana kumteua msimamizi wa dharura ambaye mamlaka yake yalilizidi baraza la mji lililochaguliwa. Wapiga kura wa jimbo waliikataa sheria hiyo Novemba 2012; mwezi uliofuata bunge lilipitisha nyingine inayofanana nayo, likaiambatanisha na fungu la fedha, kwa kuwa katiba ya jimbo hairuhusu sheria yenye fungu la fedha kupelekwa tena kwa wapiga kura. Aprili 2014, chini ya usimamizi huo, mji uliacha maji ya Detroit ukaanza kutumia maji ya Mto Flint ili kubana matumizi. Maji hayo hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu, yakala mabomba ya zamani, na madini ya risasi yakaingia katika vikombe vya watoto.

Risasi ni sumu inayodhuru ubongo unaokua, na athari zake hazifutiki. Wakazi walipeleka chupa za maji ya rangi ya kutu kwenye mikutano wakaambiwa maji ni salama, mpaka Septemba 2015 daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha alipotangaza kwamba idadi ya watoto wenye risasi nyingi katika damu imeongezeka. Watu wasiopungua 12 walikufa kwa homa ya mapafu inayosababishwa na vijidudu vya majini katika kipindi hicho. Sheria iliyozaa haya yote haikuitwa sheria ya afya. Ilihusu madeni ya miji. Kinachouma ni kwamba wale waliokunywa maji yale walikuwa wamenyang'anywa, kwa njia halali, uwezo wa kumfukuza kazi aliyeyaleta.

Alabama ilitoa mfano wa namna nyingine. Baraza la mji wa Birmingham, wenye wakazi wengi Weusi, lilipandisha mshahara wa chini hadi dola 10.10 kwa saa mwaka 2016, na bunge la jimbo likapitisha haraka sheria ya kuizuia miji yote kupanga mishahara. Mshahara huamua chakula, nyumba na uwezo wa kukosa kazi siku moja ili kwenda kliniki. Hivyo sheria ya namna hiyo ni sheria ya afya hata kama waziri wa afya hakuulizwa.

New Jersey imejaribu kugeuza mkondo huo. Kwa miongo mingi matanuri ya kuchomea taka, mitambo ya umeme na viwanda vya kuchakata vyuma chakavu vilijengwa karibu na mitaa ya maskini, kama wadi ya mashariki ya Newark, na kila kibali kilitolewa kana kwamba mtaa huo hauna moshi mwingine. Sheria iliyosainiwa na Gavana Phil Murphy Septemba 2020 inazitambua jamii zilizoelemewa kwa vigezo vinavyopimika, ambavyo kimojawapo kikitimia kinatosha:

- angalau asilimia 35 ya kaya zina kipato cha chini;
- angalau asilimia 40 ya wakazi ni wa makundi ya wachache au wa kabila asilia linalotambuliwa na jimbo;
- angalau asilimia 40 ya kaya hazijui Kiingereza vizuri.

Katika mitaa hiyo, mwenye kiwanda kipya lazima aonyeshe jumla ya uchafuzi uliopo tayari pamoja na wake, na iwapo mzigo huo utawazidi wakazi kuliko maeneo mengine, idara ya mazingira inatakiwa kumnyima kibali, isipokuwa mradi una manufaa yasiyoepukika kwa umma. Neno muhimu ni kutakiwa. Majimbo mengine yalikuwa na sheria za haki ya mazingira zilizomtaka ofisa atafakari. New Jersey ilikuwa ya kwanza kumwagiza akatae.

Fedha zinapofuata maneno

Maryland ilifanya jaribio ambalo halijulikani sana nje ya jimbo hilo. Sheria ya mwaka 2012 iliunda maeneo matano maalumu, miongoni mwake Baltimore ya magharibi na wilaya za mashamba za Caroline na Dorchester, yakapewa jumla ya dola milioni 4 kwa mwaka kwa miaka minne. Madaktari na wauguzi waliokubali kufanya kazi humo walipunguziwa kodi au kulipiwa mikopo ya masomo, na wahudumu wa afya ya jamii, yaani wenyeji waliofunzwa kuwatembelea wagonjwa nyumbani, waliajiriwa kufuatilia wenye kisukari, pumu na shinikizo la damu. Watafiti wa Johns Hopkins waliochambua miaka ya 2013 hadi 2016 walikuta kwamba kulazwa hospitalini kulipungua kwa mara 18,562, ingawa ziara za chumba cha dharura ziliongezeka kwa 40,488, na kwamba baada ya kutoa hiyo gharama ya ziada bado ziliokolewa takriban dola milioni 93. Mpango uliisha muda wake ulipofika. Bunge lilirudi kwenye wazo hilo mwaka 2021, mwaka uleule lilipopitisha sheria ya tume ya usawa wa afya iliyopewa jina la Shirley Nathan-Pulliam, muuguzi mzaliwa wa Jamaica aliyelitumikia bunge la Maryland kwa miaka mingi akipigania suala hili.

North Carolina nayo ilianza mwaka 2022 kutumia fedha za Medicaid kulipia vikapu vya chakula, ukarabati wa nyumba zenye ukungu na usafiri wa kwenda kliniki katika baadhi ya wilaya zake, kwa hoja kwamba ni nafuu kumlisha mgonjwa kuliko kumlaza. Huduma hizo zilisimama Julai 2025 kwa sababu bunge halikutenga fedha za kuziendeleza.

*Kwa ufupi:* anayesoma sheria ya usawa wa afya na atazame nani analipa, nani anakagua, na nini humpata asiyetii. Sheria isiyojibu hata moja kati ya hayo huwa tamko tu, kama yale mengi ya mwaka 2020 yaliyoutangaza ubaguzi wa rangi kuwa dharura ya afya ya umma bila kutenga hata dola moja.

Mgonjwa asiyejua Kiingereza

Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya mtu katika taasisi zinazopokea fedha za shirikisho, na tafsiri yake inazibana hospitali zitoe mkalimani bila malipo. Massachusetts iliongeza sheria yake mwenyewe mwaka 2000, ikizitaka hospitali zenye chumba cha dharura ziwe na mkalimani mwenye ujuzi saa zote. Kanuni za shirikisho haziruhusu mtoto atumike kumkalimania mzazi isipokuwa kwa dharura, na sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuwaza binti wa miaka 12 akimweleza mama yake kwamba mimba imeharibika.

Haki hiyo ipo katika majimbo yote. Inayotofautiana ni malipo. Majimbo machache, Maine ikiwa mojawapo, hulipia ukalimani kupitia Medicaid, ilhali kwingine kliniki hubeba gharama yenyewe, na kliniki ndogo inayobeba gharama hiyo hushawishika kumwomba mjomba au jirani wa mgonjwa asaidie. Familia za Kikongo hukutana pia na mkalimani wa simu aliyelelewa Mombasa au Dar es Salaam, ambaye Kiswahili chake hakifanani na cha mzee kutoka Fizi au Uvira, na maelezo ya kipimo cha dawa yakapotea njiani. Msomaji aliye na ndugu katika hali hiyo na ajue kwamba mgonjwa ana haki ya kusema hamwelewi mkalimani na kuomba mwingine, wala hatozwi kwa hilo.

Fomu kama kizuizi

Mwaka 2018 Arkansas iliweka sharti kwamba baadhi ya watu wazima walioingizwa Medicaid wafanye kazi au shughuli nyingine saa 80 kwa mwezi na watoe taarifa. Taarifa hiyo mwanzoni ilipokelewa kwa intaneti tu, katika jimbo lenye vijiji vingi visivyo na mtandao wa uhakika, na tovuti yenyewe ilifungwa kila usiku. Katika miezi michache watu wapatao 18,000 walipoteza bima, kabla jaji wa shirikisho hajausimamisha mpango huo Machi 2019. Wengi wao walikuwa wakifanya kazi au walistahili msamaha kwa ugonjwa. Kilichowashinda ni fomu, na utafiti haukuona ongezeko la ajira.

Sharti hilo sasa linarudi kwa nchi nzima. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Julai 4, 2025 inayataka majimbo yaliyopanua Medicaid yadai uthibitisho wa saa 80 kwa mwezi kufikia Januari 1, 2027, na inawaondolea haki ya Medicaid wakimbizi wengi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu, kuanzia Oktoba 2026. Majimbo hayawezi kulikataa agizo hilo, lakini yana nafasi kubwa ya kuamua jinsi litakavyotekelezwa. Jimbo linaweza kutafuta taarifa za mishahara katika kumbukumbu zake lenyewe bila kumsumbua mwananchi, au kumwachia kila mmoja alete stakabadhi; linaweza kuangalia mwezi mmoja uliopita au kudai mitatu; linaweza kupokea taarifa kwa simu, kwa posta na ana kwa ana, au kwa tovuti pekee; na linaweza kuchapisha barua ya onyo kwa Kiswahili, Kihispania na Kisomali, au kuituma kwa Kiingereza kwa mtu ambaye ataielewa siku atakapofika dirisha la dawa na kuambiwa kadi yake haifanyi kazi. Maamuzi hayo huandikwa na mabunge na idara za afya za majimbo katika vikao ambavyo kwa kawaida sheria inataka viwe wazi, maoni ya umma yakipokelewa kwa maandishi kwa siku zilizotangazwa, na mtoa maoni hatakiwi kuwa raia.